Yowe Ndani ya Kifua

Jumatano, Kigera. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi na hayanyeshi. Nimerudi kutoka hospitali nikiwa hai, Mungu asifiwe, ila moyo umechubuka.

Jumamosi nilikuwa nachekecha dagaa kavu kwenye kichanja changu cha kuanikia, kifua kikabana kama kimefungwa kamba. Nikaingia ndani kujilaza. Mama mkwe, ambaye naishi naye tangu mwanawe afariki, alipoona midomo yangu inabadilika rangi akatoka nje akapiga yowe. Lile la ng'ombe wameibwa.

Sisi watu wa Mara yowe hatuliulizagi maswali. Unatupa jembe, unakimbia. Ilikuja jumuiya yetu nzima ya kanisani, wakajaa chumbani mpaka dirishani, wengine na vumbi la dagaa kwenye khanga. Mmoja akawasha majani ya kufukuza pepo.

Walikuja kuniokoa, wakanimalizia hewa.

Jirani mwenye bajaji ndiye aliyenitoa pale, kwa matusi, akanikimbiza hospitali.

Daktari ni binti mdogo tu. Akaniuliza, "Mama, kwenu Kigera mtu asipoitikia yowe inakuwaje?"

"Anapigwa faini. Labda mwizi ndiye yeye."

"Basi na mwili wako ndivyo."

Akasema hiyo ni pumu: vumbi la dagaa likigusa njia yangu ya hewa, ngozi ya ndani inapiga yowe. Ukuta wa mshipa wa damu unaanza kunata. Askari weupe wa mwili waliokuwa wanapita zao na damu wananaswa pale, wanajipenyeza ukutani, wanaingia kwenye nyama. Wakifika wanaita wenzao, halafu wanamwaga sumu ya kuulia minyoo.

Minyoo haipo. Kinachoungua ni mimi.

Akanipa dawa ya kupuliza mdomoni, akasema dagaa niachane nao kabisa. Nikalia. Dagaa ndio ugali wetu. Nikajipa moyo kwamba kichanja nitakikodisha, tutakula.

Leo nafika nyumbani, kichanja kimejaa dagaa wa Bhoke. Bhoke tunayesali naye rozari, aliyenishika miguu Jumamosi akiniombea.

"Bhoke, hicho changu," nikamwambia.

"Si umekatazwa, mama Chacha? Au unataka tukuzike nacho?"

Wenzake wa jumuiya wakacheka. Wote. Mwenye majani ya pepo naye alikuwa ameshaanika dagaa wake upande wa pili.

Mama mkwe hakunitetea. Alisema tu, "Ningejua, nisingepiga yowe. Wangekukuta maiti, wangeona aibu kidogo kukinyakua."

Kile kichanja alikijenga marehemu kwa mikono yake.

Nimekaa mlangoni na dawa yangu mkononi. Kifua kimetulia, mimi sijatulia. Nawaza nipige yowe, maana safari hii nimeibiwa kweli. Na watakuja. Lazima waje.

Watakuja walewale.

Ee Mungu, sasa nimwite nani?