Mfupa Ulionata Ulimini

Voi, Jumamosi

Ule mfupa niliuona mimi, si Wakesho. Sijamwambia mtu.

Nyikani, ng'ambo ya Maungu, kiongozi wa ziara ya kutafuta mifupa ya kale alitufundisha kulamba tulichookota: jiwe huteleza, mfupa wa kale hunata ulimini. Alisema atakayepata mfupa atarudi na wachimbaji mwezi ujao. Nafasi moja tu.

Nikalamba. Ukanata. Nikaona haya kupaza sauti, nikamwonyesha binamu yangu Wakesho kwa kidole. Naye akapiga kelele, "Nimepata! Njooni!"

Ataenda yeye. Mimi nimemaliza shule na sina pa kwenda.

Garini mamake Wakesho akanicheka: "Mwenzako kapata mfupa, wewe umelamba vumbi tu!" Kila mtu akacheka. Nami nikacheka.

Nikisema sasa, wataniuliza mbona nilinyamaza. Wewe unayesoma hapa, tafadhali, usiniponze. Nyamaza nami.