Wanaomwitikia Tambwe

Alunguli, Kindu, 17 Novemba 2002

Mdogo wangu Arsène,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Huko Liège baridi inakutendeaje? Sisi tunapumua, lakini nyumba si nzima. Keti kwanza, ndipo usome.

Mwanangu Tambwe, uliyemwacha akitambaa, ametutoka. Homa ilimshika wakati wanajeshi wamefunga mto, hakuna anayevuka kwenda hospitali. Walipofungua, mtoto alikuwa amelegea kabisa. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge, tukaingia mtumbwini. Unajua akina mama wa kwetu wanavyofanya: mtoto mgonjwa akiwa mgongoni humwoni uso, basi unamwita kwa kuimba ili ujue yupo. Nikaimba, "Tambwe, uko?" Akajibu, "Mama." Tulipofika katikati nikaimba tena, "Tambwe, uko?" Akajibu, "Mama," kwa sauti ndogo sana. Nikaita mara ya tatu. Arsène, nikasikia maji tu.

Tumemzika hapa Alunguli. Padre anapanda ndege leo, ndiye atakayeibeba barua hii. Utuombee.

Yaya yako,
Josiane

*

Liège, 20 Januari 2003

Yaya Josiane, dada yangu mkubwa,

Salamu kwako na kwa shemeji Florentin. Mwili wangu mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua yako niliisomea jikoni, kwenye mgahawa ninapoosha vyombo, nikashindwa kuendelea na kazi.

Pole, yaya. Najua pole haitoshi, lakini sina neno jingine. Kuna gitaa hapa chumbani. Kila nikiishika, ule wito wako kwa Tambwe ndio unaokuja vidoleni. Nasikitika sikuwapo kumzika.

Mdogo wako,
Arsène

*

Liège, 3 Mei 2024

Yaya wangu mpendwa,

Habari za mgongo? Shemeji bado anauza mbao? Mimi mzima, nimenenepa mpaka suruali zinanikataa.

Nina habari. Orkesta Ng'ambo, ile bendi yangu, imetoa albamu ya pili. Hatuna kampuni juu yetu: tunarekodi kwenye ghala la rafiki, mabango tunabandika wenyewe. Kuna violoni nne, cello, filimbi, na likembe yangu, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, katikati. Na wimbo unaopendwa kuliko zote unaitwa "Tambwe". Nimeutoa kwenye barua yako ya wakati wa vita! Pale mwishoni, mtoto anaponyamaza, kile kimya sikuweza kukivumilia, nikawapa watu waitike. Mimi naita, "Tambwe, uko?" na ukumbi mzima, Wazungu kwa Waafrika, unalipuka: "Mama!" Wanaruka, wanapiga makofi. Ungewaona ungefurahi.

Mwakani tunakuja kuupiga Kindu. Waambie watu.

Mdogo wako,
Arsène

*

Alunguli, 19 Mei 2024

Arsène,

Salamu. Mgongo unauma kama kawaida.

Wimbo wako ulifika kabla ya barua yako. Ulipigwa kwenye harusi ya Christelle, binti wa jirani. Nilikuwa nagawa wali na mboga ya sombe, mara nikasikia sauti yako ikimwita mwanangu, na vijana wakaitika huku wakitikisa viuno. Sahani ilinitoka mkononi. Mwanamke mmoja akanishika akicheka: "Mama Tambwe, kumbe ni weye njo ule wa mu wimbo! Cheza basi!" Nilijifunika kilemba usoni nikatokea mlango wa jikoni. Niliona aibu mbele ya watu, na zaidi mbele ya mtoto wangu.

Nilikuwa namwita nijue kama yu hai. Hakujibu. Wewe umewapa watu wasiomjua wajibu mahali pake, kana kwamba alikufa ili wengine wapate kucheza. Kwa nini hukuniuliza? Simu ninayo.

Huo wimbo usiulete Kindu.

Josiane

*

Liège, 8 Septemba 2024

Yaya, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Natumaini mko wazima. Tangu Mei naanza barua hii na kuichana. Uliandika jina lako tupu pale chini, bila "yaya yako". Hilo ndilo nililoliona kabla ya yote.

Wimbo nimeuondoa kila mahali nilipoweza. Wanamuziki nimewaeleza. Bernadette, anayepiga cello, alilia. Alisema miaka yote hakuwahi kuuliza Tambwe ni nani. Aulize nini, wakati mimi ndiye niliyepaswa kumwambia?

Lakini juzi tulipiga muziki mjini Namur. Tulipomaliza, watu hawakuondoka. Mmoja akaita mwenyewe kutoka nyuma, "Tambwe, uko?" na ukumbi wote ukaitika. Wakarudia, wakarudia. Nilisimama jukwaani na likembe mkononi, uso unawaka, nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikuweza kuwanyamazisha, kwa maana mimi ndiye niliyewafundisha.

Nilijidanganya kwamba nampa mtoto uhai. Kumbe nilikuwa natafuta makofi kwa kilio chako. Naona aibu, yaya, hata kuishika likembe naona aibu. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Arsène

*

Alunguli, 30 Septemba 2024

Mdogo wangu Arsène,

Amani iwe kwako. Mgongo umetulia kidogo, na Florentin anakusalimu, anasema ule vizuri.

Nimekaa na hasira mpaka yenyewe imechoka. Aibu yako nimeiona, sitaki ikuue. Hao wa Namur waache, hawajui. Hata hapa Alunguli watoto wanauimba wakiruka kamba, nami siwezi kufukuza watoto wa watu barabarani.

Njoo wewe peke yako, violoni zibaki huko. Kaburi lake hujawahi kuliona. Tutakwenda sisi wawili. Tangu siku ile mtumbwini sijamwita tena kwa sauti. Basi utamwita wewe, mara moja. Kisha mimi nitanyamaza, na wewe utanyamaza, mpaka usikie wimbo wangu unavyoisha.

Yaya yako,
Josiane