Vile Vyumba Viwili vya Shangazi

Nyumba ya Mlango wa Bluu,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada yangu,

Kabla ya yote, hujambo huko uliko? Shemeji naye hajambo? Na lile goti lako, limekubali kupanda ngazi au bado linakusumbua? Watoto najua wamekua mpaka sare za shule zimewabana. Sisi huku hatujambo. Baba mtoto anapaka rangi kwenye jengo la ghorofa nne, anarudi na nyusi nyeupe kama mzee. Mwanao Bosi ana mwaka mmoja na miezi mitatu, meno sita, na hatua nne bila kushikwa. Tano nikimwita kwa kijiko.

Dada, barua yako niliipata na nimeisoma mara tatu. Umehangaika kwa ajili yangu mpaka Shangazi akakubali kutupa vyumba viwili vya uani kwake, vyenye bomba la ndani. Nashukuru kutoka moyoni. Sasa kaa chini kwanza, maana nitakuudhi: hatuendi. Tena mimi nimekasirika kuliko utakavyokasirika wewe, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Najua utasema nini. Mwaka mzima nimekuandikia habari za chumba hiki: mlango haufungi mpaka uunyanyue kwa goti, bati linavuja juu ya kitanda, harufu ya sabuni inaingia mpaka kwenye chai, na mwenye nyumba, huyu tunayemwita Mama Funguo, anahesabu hata ndoo unazochota. Sikusema uongo. Yote ni kweli, na leo naweza kuongeza mengine.

Mambo yaliharibika Alhamisi ya wiki iliyopita. Hapa kila chumba kina siku yake ya kamba ya kuanikia, na yangu ni Alhamisi. Nimefua nepi za Bosi tangu alfajiri, nimeanika, nimeingia ndani kumlisha. Kutoka nje, nepi zote zimerundikwa kwenye beseni, bado mbichi, na kwenye kamba mapazia ya Mama Funguo yanapunga upepo. Eti ana wageni. Dada, nilipandwa na hasira nikasahau kwamba huyu ni mtu wa kumwamkia. Nikamwambia mbele ya wapangaji wenzangu kwamba nimechoka, mwisho wa mwezi nahama, nina kwetu pa kwenda. Barua yako ilikuwa mfukoni, ndiyo iliyonitia kiburi.

Akaniuliza, "Umesema, mwanangu?" Nikamjibu nimesema. Akachukua chaki, akachora alama kwenye mlango wangu. Ndivyo afanyavyo, ili anayetafuta chumba ajue ni kipi kinachoachwa, asiwagongee wengine. Na chaki ya Mama Funguo hakuna anayeifuta.

Jumamosi nikaenda kuviona vyumba vya Shangazi. Ni vizuri, sitaki kumkosea. Sakafu inang'aa, na bomba ukilifungua maji yanatoka bila kubembelezwa. Shangazi akaenda dukani kwake, akaniacha nipime madirisha. Nimekaa pale mimi na Bosi toka saa tatu mpaka saa saba. Hakupita mtu, hakuna aliyepiga hodi. Bosi alisimama mlangoni mkono ameunyoosha, akingoja wa kumwendea, mpaka akachoka akakaa chini mwenyewe. Roho iliniuma, Dada, hata sijui nikuelezeje.

Huku nilipo, asubuhi nachukua kigoda changu naketi mlangoni kwa fundi cherehani wa chumba cha pili. Yeye anashona mashati, mimi natia vifungo na kupiga pindo, na Bosi anatembea kutoka goti langu mpaka goti lake. Hiyo ndiyo kazi yangu, na haibebeki mpaka kwa Shangazi, ni kupanda magari mawili. Na kuna siku Bosi alipandwa na homa mchana kweupe mpaka akageuza macho. Mimi nilisimama kama gogo. Aliyemnyakua akakimbia naye zahanati ni Mama Funguo, mguu mmoja na ndala, mwingine peku. Hilo sikukuandikia. Nilikuandikia habari za ndoo.

Basi nikarudi nikiwa nimepania kumwomba anifutie ile alama. Nikamkuta mke wa fundi baiskeli, mpangaji mpya aliyeiona ile chaki, yuko chumbani kwangu, mjamzito, ameshika uzi anapima kitanda chake kitakaa upande gani. Dada, nikasema huyu nimvunje moyo. Nikammwagia yote: mlango, bati, sabuni, ndoo. Hata kupumua nilisahau. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada yangu, ninakokaa mimi choo kiko ng'ambo ya barabara. Wewe unalalamikia harufu ya sabuni?" Fundi cherehani alicheka mpaka sindano ikamkatikia.

Nikaenda kwa Mama Funguo na shikamoo mbili. Akaniambia, "Mwenzio ana tumbo la miezi minane. Nimwambie angoje hasira zako zipoe?" Machozi yakanitoka, na nilikuwa nimeapa silii. Akazizungusha funguo zake kidoleni, halafu akasema ipo stoo ya mwisho, karibu na bomba, anakoweka viti vilivyovunjika. Nikiitaka, viti nitavitoa mwenyewe.

Nimeitaka. Ni ndogo kuliko hiki, dirisha lake ni la kutoa kichwa tu, na kuanzia alfajiri ndoo zinagongana sikioni. Tena siku ya kamba inakwenda na chumba, kwa hiyo Alhamisi si yangu tena. Nitakuwa naanika Jumapili jioni, wenzangu wakishaanua. Yaani nimegombea nepi, nikapoteza kamba, na chumba juu yake. Baba mtoto hakunifokea. Alisema tu, "Stoo nitaipaka rangi. Lakini barua kwa dada yako utaiandika wewe." Afadhali angefoka.

Tafadhali mwambie Shangazi kabla ya Jumamosi, asije akawakosa wapangaji wengine. Mwambie kosa ni langu, si la mume wangu. Nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe, na Bosi nitambeba, maana mbele ya Bosi hawezi kununa sana.

Na jingine, Dada. Mimi nitaendelea kulalamika, najijua. Stoo hii peke yake itanipa kurasa. Wewe soma, unihurumie, ucheke ukitaka. Ila usinitafutie nyumba.

Nisalimie sana Shemeji na wanangu wote, mkubwa mpaka kitinda mimba. Mama mdogo mwambie namkumbuka, na Babu mpigie kelele sikioni mpaka asikie kwamba nimemwamkia. Mungu awape afya, na mlango wenu usikose mtu wa kubisha hodi.

Wako akupendaye hata akinuna,
Mdogo wako, Mama Bosi.