Zamu ya Baba Mkwe

Jumapili, 6 Julai 2003
Baridi. Nimefua tangu jana, nguo hazikauki. Simiyu amerudi na CD ya mchezo wa kompyuta kutoka Nairobi: Ngome ya tatu. Ameiweka kwenye kompyuta kabla hata ya kuvua viatu. Ya kwanza na ya pili nazijua kwa kelele zake. Majoka na majitu wanapigana bila kupumzika, mume wangu anabofya kama mtu anayefukuza nzi, hasikii akiitwa kula.

Hii ya tatu imetulia. Unasogeza majeshi yako, unamaliza, halafu unangoja mwenzako naye asogeze yake. Kwa zamu. Simiyu amekasirika kweli. "Hii si vita, hii ni laini ya benki." Amezima akaenda kulala, ana shifti ya usiku kiwandani.

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake dirishani, kimya kama kawaida. Lakini shingo ameigeuza. Anaangalia kompyuta iliyozimwa.

Jumanne, 8 Julai
Nimetoka kufundisha chekechea nikamkuta Baba mbele ya kompyuta. Amewasha mwenyewe. Nikasimama mlangoni, sijui niingie au nirudi.

Niandike ukweli: yule mzee hanipendi. Yuko kwetu tangu Pasaka, baada ya mazishi ya mama mkwe, na hajawahi kunisemesha. Akitaka chumvi anamwambia Simiyu amwambie "mama", yaani mimi. Siku aliyofika kutoka Bungoma nilimwinamishia kichwa aniguse utosini, kama tunavyoamkia wazee kwetu Bisil. Akaruka nyuma. Majirani wanaona. Inaniuma mpaka leo.

Alhamisi, 10 Julai
Kila nikirudi namkuta anacheza. Kidole kimoja, miwani puani, anasoma kila neno. Alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha sukari, labda anapenda kitu kinachosubiri kihesabiwe. Natamani kujua anaona nini humo.

Jioni amelalamika kwamba mashine haina akili, mchezo unataka watu wawili. Simiyu akasema hana muda. Halafu Baba, macho kwenye kikombe: "Hebu muulize mama kama anaweza kucheza."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo mbele yake. Nimeenda kuchekea jikoni, leso mdomoni. Nimekubali.

Jumapili, 13 Julai
Tumeanza vibaya. Kompyuta ni moja, kiti ni kimoja. Mmoja anacheza, anainuka, mwingine anakaa. Baba alipoinuka, nikakaa. Alitoka nje mbio, na Simiyu akashika kichwa.

Baadaye amenieleza. Kwao mkaza mwana hakalii kiti cha baba mkwe. Hawapeani mikono. Hawagusani kabisa. Si chuki, ni heshima, na anayekuheshimu sana ndiye anayekaa mbali sana. Nikamuuliza kuhusu ile siku ya kuinamisha kichwa. Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Kumbe Baba naye alimuuliza siku ile ile: "Mbona bibi yako alitaka kunipiga kichwa?"

Miezi yote hii! Nimemkasirikia Simiyu, si mzee. Alijua ya huku na ya kule, na akaona ni kichekesho tu.

Jumatano, 16 Julai
Tumepata njia. Nina stuli yangu ya jikoni. Baba akimaliza zamu anasogeza kiti chake kando, anatoka nje, anakohoa. Ndipo naingia na stuli. Nikimaliza narudi jikoni, nagonga sufuria. Hatukutani.

Zile Ngome za zamani tusingeziweza. Zingetubana bega kwa bega, kila mtu akibofya kwa pupa. Najiuliza kama waliogeuza mchezo huu kuwa wa zamu nao wana baba wakwe.

Anacheza polepole lakini ni mjanja. Amenichukulia daraja na joka moja.

Jumatatu, 21 Julai
Kumbe ngome zinaweza kubadilishwa majina. Nimejua leo, kwa sababu mji mkuu wa Baba unaitwa UGALI WA JANA ULIKUWA MBICHI. Herufi kubwa zote. Nikaubatiza wangu UNGA NI WA BUNGOMA. Nikagonga sufuria, nikatega sikio.

Akacheka. Kicheko kizito, cha kifuani. Sikujua anacho.

Jumanne, 22 Julai
Maswali tu siku nzima. Mji wake wa milimani: NG'OMBE WENU MNAWAITA MAJINA? Nikajibu kwa kubadilisha majina ya miji yangu yote kuwa ya ng'ombe wa mama yangu. Zamu iliyofuata nikakuta kijiji chake kidogo, kile cha kando ya mto, kinaitwa MAMA SIMIYU ALIPENDA MVUA.

Tangu mazishi hajamtaja mke wake, hata kwa Simiyu. Nimekaa hapo kwenye stuli nikalia kidogo. Zamu yangu ikanishinda, nikamaliza bila kusogeza kitu.

Alhamisi, 24 Julai
Mbaya. Baba amemwambia Simiyu anarudi Bungoma, na anarudi kabisa. Mahindi yanakomaa, nyumba haikai bila mtu. Simiyu amekata tikiti ya Jumamosi asubuhi. Nimemuuliza kama amesahau. Baada ya mazishi majirani walimkuta Baba amekaa gizani, hajala sijui tangu lini. Ndiyo maana tulimleta. Anasema mzee akiamua ameamua.

Sitaki aende. Mwezi jana ningemfungia begi mwenyewe. Sasa sitaki, na sina mdomo wa kumwambia, mkaza mwana hazuii safari ya baba mkwe. Kwa hiyo nimeandika kwenye mji wangu mkuu: BABA KAA NASI. Nikagonga sufuria.

Nikasikia anasogeza kiti. Hapo hapo stima ikapotea, kompyuta ikazima.

Ijumaa, 25 Julai
Stima bado. Wanasema ni waya umekatika huko barabara ya Namanga. Mchezo unajihifadhi wenyewe kila zamu, kwa hiyo maneno yangu yamo. Lakini sijui kama aliyaona. Begi lake liko mlangoni, limefungwa kamba. Amekula vizuri. Nina hasira na waya.

Jumamosi, 26 Julai
Stima imerudi asubuhi tukinywa chai. Baba alikuwa amevaa koti na kofia. Simiyu ameshatoa begi nje. Baba akasema anamaliza zamu yake, asije akamwacha mama ananing'inia. Akawasha, akakaa.

Nilimwona kupitia upenyo wa mlango wa jikoni. Ule mji wangu ulikuwa katikati ya skrini. Hakusogeza jeshi. Hakushika hata kipanya. Simiyu akaita. Akaita tena: "Mzee, twende, basi itatuacha!"

Baba hakugeuka. "Wacha haraka. Zamu yangu haijaisha."

Simiyu akaniangalia, mimi nikaangalia sufuria. Ngome hii haina saa. Hakuna jitu litakalokuvamia ukiwa bado unafikiria, na hakuna anayeweza kukubonyezea kitufe cha kumaliza zamu. Simiyu akaketi juu ya begi hapo nje. Baada ya muda akaliingiza ndani, akaenda kulala.

Mchana umefika. Koti ameshalitundika. Bado amekaa, mikono magotini, anasoma. Nimeweka chai yake kwenye stuli karibu na mlango, nikarudi jikoni kuchagua maharagwe.