Mteja wa Kwanza Kwenye Orodha

12 Februari

Kwa binti yangu,

Salamu. Sisi wazima, ila mama yako kifua kinambana kidogo, na mimi mwili mzima, roho usiulize. Wewe je, huko kambini mnakojenga barabara, unakula? Unalala wapi?

Nimerudi kutoka kununua mbao nikakuta kochi la Mwalimu Mkuu limevuliwa kitambaa nusu, sindano bado imechomekwa, na wewe hupo. Juu ya meza ya kukatia, kompyuta kuukuu na kikaratasi: "Baba, hii itakuandikia ankara." Ankara! Miaka ishirini na sita naandika ankara kwa mkono, na hakuna mteja aliyelalamika ila kuhusu mwandiko. Mtu gani anamuaga baba yake kwa kompyuta? Karakana hii nilikuwa nakuwekea wewe. Ungeniambia usoni ningefoka, ndiyo, ningefoka mpaka majirani watoke nje, halafu ningekufungashia chakula cha njiani.

Mama yako anakusalimu. Amesema nisiandike kwa hasira. Nimeandika hivyo hivyo.

Baba yako


2 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imekuja na lori la saruji, imekunjamana lakini imefika. Mimi mzima, nakula vizuri. Nalala kwenye kontena na wenzangu watatu, mmoja anakoroma kuliko msumeno wa umeme. Simu huku hazishiki kabisa. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Mpeleke hospitali, Baba, usimtibu kwa kubishana naye.

Nimekosa. Nilijua ukinitazama nitabaki, ndiyo maana niliondoka ukiwa umekwenda kununua mbao. Uoga ule unanisuta kila siku.

Ila hiyo programu usiikasirikie, haina kosa. Nimeiweka ndani ya kompyuta yako mwenyewe, hapo hapo karakanani, makusudi. Si ya kampuni, hakuna wa kukudai ada kila mwezi wala wa kuchungulia biashara yako. Hata mimi huku sioni kitu. Unachagua mteja, unaandika kazi, idadi na bei, unabonyeza TUMA. Ukiona neno IMETUMWA, mteja ameshapata. Jina langu ni la kwanza kwenye orodha ya wateja, jifunzie kwangu.

Neno lako moja tu litanitosha nijue umenisamehe. Usiponijibu nitajua bado, na sitakusumbua mpaka mwenyewe utake.

Binti yako


21 Novemba

Kwa binti yangu,

Salamu nakupa kwa sababu mama yako angetaka nikupe. Hali yako sikuulizi.

Mama yako tumemzika Jumanne iliyopita. Ni kifua kile kile. Alikuulizia mpaka siku ya mwisho aliyoweza kusema. Nilimwambia uko njiani. Mke wangu niliyeishi naye miaka thelathini nimemdanganya kwa ajili yako.

Shangazi yako alitaka kupiga simu ofisi kuu ya kampuni yenu, wakuite kwa redio. Nikamkataza. Nilimwambia, mtu ameandikiwa mara sita na hajatikisika, simu ya nini? Sikio la kufa halisikii dawa.

Kochi la Mwalimu Mkuu nilimalizia mwenyewe. Usihangaike kujibu, maana hujazoea.

Baba yako


30 Novemba

Baba,

Shikamoo. Siulizi hali, naijua. Barua yako niliisoma nimesimama stoo, nikajikuta nimekaa juu ya mifuko ya saruji mpaka msimamizi akaja kuniinua. Mama! Baba, Mama yangu!

Umeniandikia mara sita? Wapi? Sijapata hata karatasi moja baada ya ile ya Februari. Kila lori lililokuja bila barua nilijiambia, bado hajakusamehe, nyamaza, ulisema hutamsumbua. Nikanyamaza. Nilijiona nina adabu, kumbe nilikuwa nasusa tu.

Ulizituma kwa njia gani? Tafadhali niambie hukutumia ile kompyuta.

Binti yako


11 Desemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara nne. Ya tano amenisomea shangazi yako, kwa sababu miwani yangu ilikuwa imelowa.

Nilitumia kompyuta. Si uliandika mwenyewe, jina langu la kwanza, jifunzie kwangu? Nikasema kumbe! Mtoto ameniachia njia, na mimi nilikuwa namtukana. Barua yako ya Machi niliijibu siku ile ile ilipofika. Hakuna pa kuandikia barua, nikaandika kwenye mstari wa kazi. Kwenye bei mashine ilikataa sifuri, nikaweka moja. Ikasema IMETUMWA. Mama yako akapiga makofi. Ya msiba peke yake niliiandika kwa mkono, msiba hauwekewi bei.

Nimezichapa zote. Hizi hapa:

14 Machi. Kazi: Msamaha wa baba kwa binti. Idadi: 1. Bei: 1.

30 Aprili. Kazi: Kukuuliza mbona kimya. Mama anasema labda una kazi nyingi. Idadi: 1. Bei: 1.

8 Julai. Kazi: Mama amelazwa siku tatu, ametoka, usiogope. Idadi: 1. Bei: 1.

19 Septemba. Kazi: Njoo. Idadi: 1. Bei: 1.

6 Oktoba. Kazi: Njoo. Idadi: 2. Bei: 1.

3 Novemba. Kazi: Haya anasema mama yako, mimi naandika tu. Mwanangu, baba yako hana hasira, ana mdomo. Hiyo barabara mnayoijenga, ikifika huku uje nayo. Idadi: 1. Bei: 1.

Zote sasa mashine imeziandika kwa nyekundu: IMECHELEWA.

Shangazi yako alishika simu mkononi, mwanangu, nikamnyang'anya. Hilo halikufanywa na kompyuta. Sikio la kufa lilikuwa langu.

Baba yako


19 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo. Pole, Baba. Pole mara nyingi.

Lile jina langu nililiweka kwa majaribio tu. Anwani yake ya barua pepe niliibuni, herufi zozote zilizonijia, kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi nje. Mashine ilituma kweli, ila kwa mtu asiyekuwepo. Taarifa za kukataliwa zilirudi kwenye sanduku ambalo sikukufundisha kulifungua. Nilijigamba kwamba hakuna atakayechungulia ndani ya kompyuta yako, na kweli hakuna aliyechungulia. Nusu dakika tu ingenitosha kuandika anwani yangu, maana barua pepe zetu ofisi kuu huzichapa na kutuletea kwa lori.

Usijilaumu kwa simu. Au tujilaumu wote wawili, tugawane.

Jumamosi lori la saruji linarudi tupu, nimeomba nafasi mbele kwa dereva. Barabara haijafika, nitakuja na vumbi lake. Ankara ya Machi nina sarafu yake mfukoni, nitakulipa mkononi. Zile za Njoo sina cha kuzilipia.

Ya Novemba usiifute. Nionyeshe tu Mama alipolala, nikamjibu mwenyewe.

Binti yenu