Namna ya Kulala Nyuma ya Bunduki

Karakana ya Magodoro na Makochi,
Mlango wa nyuma, ubavuni mwa mashine ya kusaga.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya Mama Pacha, ya tatu ni ya pacha wenyewe, ambao wanakutumia kwa kupiga kelele hapa mlangoni mpaka kalamu inanitetemeka. Na wewe Binamu unayemsomea mama yako, hujambo? Soma taratibu, usiruke mistari, na pale ninapojisifu usipunguze sauti.

U hali gani, Shangazi? Goti limepoa? Usingizi unakuja? Na macho je? Binamu aliniambia kwenye simu kwamba sasa unaona kitu kikisogezwa karibu na pua tu, na kwamba daktari amesema ukungu huo haurudi nyuma, utazidi kusonga. Simu ilikatika hapohapo, nikabaki nimeshika kifaa kama mtu aliyeshika samaki aliyekufa. Ndiyo maana naandika. Barua haikatiki.

Sisi huku wazima wa mwili. Makochi yanashonwa, watoto wanaota meno makubwa, mke wangu anazidi kuwa mzuri na mkali kwa pamoja. Roho yangu tu ndiyo imechacha, na leo nataka kukumwagia yote. Binamu, nakuona unachungulia ukurasa wa mwisho. Acha.

Unakumbuka nilivyokuahidi. Klabu yetu ya kulenga shabaha, ile ya kule machimbo ya kokoto, imealikwa kwenye mashindano huko huko mjini kwenu, na inawapeleka wapigaji watatu kwa gharama yake. Nikakwambia, Shangazi, watatu hao mmoja ni mimi, tayarisha mkeka. Nilitaka nifike, nipige magoti mbele ya kiti chako, nikusogezee huu uso mpaka pua kwa pua, uuone kabla ukungu haujafunga mlango. Wewe ndiye uliyeuosha nilipokuwa mdogo. Picha ya simu unasema inakuchoma macho. Basi nilitaka uuone wenyewe, na mvi zake, na lile pengo la jino nililolipata mpakani nikigombana na mpishi wa lori.

Sasa sikiliza mkasa. Watu wanadhani kulenga mbali ni kazi ya jicho. Uongo mtupu. Ni kazi ya kulala. Unalala kifudifudi nyuma ya bunduki iliyosimama kwa miguu yake miwili ya mbele, na jinsi unavyolala ndivyo risasi inavyokwenda. Mimi nikacheka. Mimi ambaye enzi zangu za malori nililala kwenye vyumba vya madereva wa masafa, juu ya magunia ya saruji, kwenye mabenchi ya forodha, na safari moja juu ya meza ya biliadi huku watu wanacheza! Nikaambiwa na mwanamke mstaafu wa jeshi kwamba sijui kulala.

Huyo ndiye mwalimu wetu, tunamwita Sajini. Mwembamba, mkavu, hacheki mpaka akuumize kwanza. Miezi hii yote wimbo wake kwangu ulikuwa mmoja.

"Inuka. Lala tena."

"Sajini, si nimelala sasa hivi?"

"Ulilala vingine."

Siri yenyewe nikupe, uwatambie majirani. Kosa dogo la huku linakuwa kubwa kule. Ukisogeza shavu upana wa punje ya mchele, kule mwisho risasi inapita kando ya shabaha kama mtu aliyekuona njiani akajifanya hakukuona. Kwa hiyo kitako cha bunduki kikae kwenye shimo lilelile la bega, shavu lirudi palepale, mgongo unyooke, visigino vilale chini visisimame kama masikio ya sungura. Kisha unafumba macho, unatoa pumzi, unafumbua. Ukikuta alama ya kwenye darubini ya bunduki imehama, marufuku kuivuta kwa mikono. Unasogeza nyonga, unasogea mzimamzima, mpaka bunduki iangalie shabaha yenyewe bila kushurutishwa. Ukiishurutisha, ukifyatua tu misuli inalegea, na risasi inakwenda ilikotaka kwenda tangu mwanzo.

Na tumbo! Tumbo langu sasa lina maamuzi yake. Kila nikivuta pumzi linaninyanyua kama jeki, alama inapanda, inashuka, nalewa nikiwa sijanywa kitu. Sajini akanionyesha kukunja goti la kulia kidogo, tumbo lipate pa kukaa. Likapata. Likatulia kama mgeni aliyepewa kiti.

Hapo ndipo nilipofanya uungwana ulionitia matatani. Viwiko vya wenzangu vilikuwa vimechubuka kwa kulalia kokoto, na mimi ni fundi, tena fundi ambaye ukikalia kochi langu utasahau ulikuwa unakwenda wapi. Nikachukua sponji nene ile ya kuwekea makochi ya maharusi, nikaivalisha ngozi bandia nyekundu, nikashona mikeka ya klabu nzima. Bure! Walinibeba juu juu. Kinyozi, mwenzetu mmoja anayenyoa watu pale kona, alilala siku ya kwanza akakoroma kabla bunduki hazijatolewa ghalani.

Tangu siku hiyo, Shangazi, risasi za klabu nzima zikaanza kupanda. Ya kwanza inakaa vizuri, ya pili juu kidogo, ya tatu juu zaidi, kama zinapanda ngazi. Mmoja akalaumu upepo. Mwingine akalaumu risasi. Kinyozi akamlaumu mkewe aliyemnunia asubuhi. Sajini hakumlaumu mtu. Alichuchumaa, akakandamiza ngumi yake kwenye mkeka wangu, akaitoa, akatazama sponji inavyojiinua pole pole. Kisha akanitazama mimi.

"Fundi, hili ni godoro."

"Ni mkeka, Sajini."

"Juu ya kitu kama hiki watu hutafuta watoto. Hawalengi shabaha."

Walicheka mpaka wakalia. Kumbe kila risasi viwiko vyetu vilikuwa vinazama kidogo, kifua kinazama, kitako cha bunduki kinashuka, mtutu unaangalia mbinguni. Mikeka yangu yote ikatupwa stoo, tukatandikiwa turubai juu ya ardhi ngumu, na mimi nikapewa jina jipya. Sasa hata mteja akija karakana anauliza yuko wapi Bwana Godoro.

Kwa sababu risasi zetu huja kwa mgao, na mgao ulikuwa umeliwa wote na zile ngazi, wiki zilizofuata tulijizoeza bila kufyatua chochote. Lala, fumba, fumbua, bonyeza, tik. Inuka. Lala tena. Kinyozi ananipigia kelele kutoka turubai lake: "Bwana Godoro, leo umelala au umeanguka?" Nikirudi nyumbani nalala sakafuni chini ya meza ya kukatia vitambaa na mpini wa ufagio begani, mke wangu anapita na beseni ananiruka. "Baba Pacha," anasema, "wenzako hulala ili wapumzike."

Na kila nilipotafuta kisingizio, Sajini alinikata kauli. "Bunduki haina kosa. Kosa ni lako." Nimeambiwa hivyo mpaka nikawa nayaota maneno hayo. Nikayashika. Mimi nikishika kitu nashika.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya mchujo. Watano tunagombea nafasi tatu. Kila mtu risasi nne za kujaribia, halafu kumi za kuhesabiwa, na kanuni inasema mwalimu asifungue kinywa mpaka mwisho.

Nikalala. Shangazi, nililala! Mwili ulijikunja na kunyooka wenyewe kama kitambaa kinachojua mkunjo wake. Nikafumba, nikafumbua: alama katikati kabisa. Nikafyatua ya kujaribia. Kwenye darubini ya pembeni naona tundu limekaa chini, kushoto. Nikajiambia, kosa ni lako. Nikainuka, nikalala upya, nikafumba, nikafumbua, katikati. Nikafyatua. Palepale chini kushoto. Ya tatu, palepale. Ya nne, palepale. Jasho likaniingia machoni. Nikasema moyoni, ewe mtu mnene, unafanya nini wewe?

Juu ya darubini ya bunduki, Shangazi, kuna kirekebishio. Kidude kama kifuniko cha chupa. Unakigeuza, kinalia tik tik, na kazi yake duniani ni moja tu, kuzihamisha risasi zirudi katikati. Kingine kiko ubavuni, cha kushoto na kulia. Tik chache huku, tik chache kule, basi. Sikuvigusa. Sikuviwazia hata. Nyuma yangu Sajini alianza kukohoa. Alikohoa, akakohoa, nikamwonea huruma mama wa watu, nikadhani ni vumbi la kokoto.

Nikapiga kumi zangu.

Nimekuwa wa nne.

Wa tatu ni Kinyozi! Kinyozi ambaye matundu yake yametapakaa kama mtu aliyepiga chafya kwenye karatasi, ila yametapakaa kuizunguka katikati, na hesabu ni hesabu. Nilirusha kofia. Nikapiga teke ndoo ya maji nikadhani ni tupu, haikuwa tupu. Nimevimba kidole cha mguu na bado nimekasirika mpaka sasa ninavyoandika, na wa kumkasirikia simpati.

Sajini aliniletea karatasi yangu ya shabaha mwenyewe. Akachukua kikombe cha chupa yake ya chai, akakiinamisha juu ya matundu yangu. Yote kumi yakafichika chini ya mdomo wa kikombe.

"Tangu nitoke jeshini," akasema, "sijaona raia amelala hivi."

"Basi nina nini?"

"Darubini yako iliwekwa sawa ulipokuwa unalalia sponji. Sasa umelala vingine, tena vizuri, imekuacha kidogo. Ungegeuza tik chache tu. Mbona hukugusa?"

"Si wewe uliyesema kosa ni langu?"

Akakigeuza kikombe mkononi. Akasema, "Nilisema. Nilikuwa nakutoa ugonjwa mmoja, nikakutia mwingine." Nikamwomba nirudie risasi kumi tu, nikamweleza habari ya macho yako, nikamweleza yote, mtu mzima mimi, suruali imelowa maji ya ndoo. Akanishika bega lilelile la bunduki. Akasema akinirudishia mimi itabidi awarudishie wote. Ni haki. Ingekuwa rahisi kwangu kama isingekuwa haki.

Basi ndiyo hivyo, Shangazi. Siji. Nimelizungusha neno hilo kurasa zote hizi kwa sababu nilikuwa sitaki kuliandika, na nilipolisema kwa sauti pacha wakaacha kelele wenyewe. Karakana hii sina wa kumwachia, na nauli ya huko mimi na makochi yangu tunaitazama kama mtu anavyotazama ndege ikipita. Nitatafuta njia. Lakini sikutaka kukuahidi tena kabla sijaishika mkononi.

Kinyozi alipita asubuhi hii. Alikaa kwenye kochi lisilo na mito, hakunitania hata neno moja, na kwa mtu yule hiyo ni kama kufiwa. Mwisho akasema, "Nipe barua nimpelekee mama." Kwa hiyo anayekukabidhi hii ndiye huyo. Mpe chai, mpe na maneno mazuri, anastahili. Asikuguse nywele tu.

Nisalimie Mjomba mwenye redio, mwambie aipunguze sauti ulale. Nisalimie Mama Mdogo wa chumba cha mbele na mumewe asiyesema. Binamu, nakusalimu wewe kwa mikono miwili. Najua ni wewe unayemwongoza mpaka bafuni na kurudi.

Sasa Binamu, weka barua chini. Kwenye bahasha kubwa aliyoishika Kinyozi kuna karatasi ngumu imekunjwa mviringo. Ikunjue mapajani mwa mama yako, mshike kidole cha shahada. Kianzie katikati; hapo hakuna kitu, karatasi nzima, laini. Mteremshe pole pole, chini, kisha kushoto, mpaka kidole kitumbukie. Hapo kingo zimechanika, zinakwaruza kidogo, matundu yameingiliana.

Shangazi, huhitaji macho. Hapo ndipo nilipolala, mara kumi, bila kutikisika. Kandamiza. Ni mimi huyo.

Mungu akuwekee mwanga wote uliobaki, na ukipungua akuachie mikono.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda kwa tumbo lake lote,

Baba Pacha