Nilimwandika Mumiani, Sasa Wanamtaka Ngala

Mpendwa Bi Mwanatumu wa redioni, shikamoo. Nakuandikia nina hasira, na ukinisaidia Mungu atakulipa, maana mimi nimeshindwa.

Nina miaka ishirini na miwili, naishi upande wa Msambweni, nashona madera nyumbani kwa mama, na tangu mwaka jana nimekuwa nikiandika riwaya kwenye simu, riwaya ya mapenzi ya msichana aitwaye Saada anayependwa na wawili, mmoja kijana wa mtaani mchangamfu anayecheka na kila mtu, na wa pili mgeni mrefu, mpole, mikono baridi, hali chakula cha mchana mbele ya watu, kumbe ni mumiani, anatoboa watoto vidole na kupeleka damu yao Diani kwa vizee vya Kizungu vinavyotaka kurudi ujana, lakini kwa Saada peke yake meno yake hayatoki, kwa sababu anampenda. Ningeweza kumwita kwa jina la kigeni kama wale wa kwenye filamu, lakini nikaona msomaji wa huku hatastuka, mumiani ndiye tuliyetishiwa naye sote tulipokataa kulala.

Sasa nikampa Husna, rafiki yangu tangu madrasa, asome peke yake, Bi, peke yake, naye bila kuniuliza akazisoma sura zote kwa ile sauti yake tamu ya kaswida, akazirekodi, akazitupa kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa maulidi. Jina langu hakulitaja, ati ananisitiri, na kule mwanzo nilikoandika kwamba hii ni hadithi ya kubuni akakuruka, ati kunachosha. Sura ya saba, ile ya kutoboa watoto, ikatoka kundi hadi kundi haina kichwa wala mkia, imefika mpaka Kikoneni, na watu hawakusikia riwaya, walisikia habari.

Maana kwenye zahanati ya kwetu kuna kijana anaitwa Ngala, ametoka Kinango, ndiye anayepima malaria, ni mrefu, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, na ana kisanduku cha buluu cha kupelekea damu hospitali kubwa. Mumiani wangu ana kovu hilohilo na kisanduku hichohicho. Nilimjua nilipokuwa nampeleka mama kupimwa sukari, na siku moja nilipougua mimi alinidunga kidole kisha akakiachia polepole kuliko ilivyohitajika, na hakuna baya lililopita baina yetu, wallahi, ila mimi nimeshaposwa na Luqman, anayepeleka watalii Funzi kwa boti, na Ngala si wa dini yetu, basi niliyoshindwa kuyasema nikayaandika.

Kina mama wameacha kupeleka watoto kupimwa. Mtoto wa jirani yetu Kache alishinda na homa siku tatu mpaka akashikwa na degedege, ila amepona. Mlango wa Ngala umepigwa mawe. Na jana Luqman ameniambia, huku anacheka, "Ijumaa tukitoka msikitini tunakwenda kumtoa yule, yeye na kisanduku chake, tuone kama damu yake nyekundu." Mimi nikanyamaza, kwa sababu nikisema riwaya ni yangu ataniuliza lile kovu nililitazama lini.

Haya yote kayaleta Husna! Sasa niambie nimpe adhabu gani, nimshtaki kwa mamake, au nimwaibishe kwenye kundi lilelile alikonivua nguo?

Aliyesalitiwa, Msambweni

*

Marahaba. Salamu zangu zinaishia hapo.

Wasikilizaji, barua hii imenifikia jana jioni, leo ni Jumatano, na nimeisoma hewani kabla ya zile zilizotangulia kwa sababu kuna mtu atakayeumizwa Ijumaa. Na wewe binti uliyejiita "Aliyesalitiwa", nimeitafuta huruma yako kwa Ngala mstari kwa mstari sikuiona. Husna umemlalamikia weee, mtoto wa Kache umempa sentensi moja, tena ya kupitia. "Ila amepona." Ungeandika nini asingepona?

Husna amekosa, sikatai. Kachukua kisicho chake, na kuruka yale maneno ya mwanzo ni upumbavu usiosameheka kwa mtu mzima. Lakini kovu hakuliweka Husna. Uliliweka wewe, ukijua ni la nani.

Tena usinieleze habari za msomaji kustuka. Mimi nimezaliwa mwambao huuhuu. Nilipokuwa mdogo gari la chanjo ya polio lilipita mtaani kwetu, na mama akatufungia ndani kwa ajili ya neno hilohilo uliloliona tamu kwenye hadithi yako. Kaka yangu anatembea kwa gongo mpaka leo. Sasa ulipolichukua neno hilo ukamvika mtu anayedunga watoto vidole ili wapone, ulitegemea nini, makofi?

Nitakwambia ulichofanya, na kikuume. Hukuthubutu kumpenda yule kijana, na kumwacha hukutaka, basi ukamtia meno ili upate sababu ya kumkimbia. Moyoni mwako andika utakavyo. Ila sasa mchuma janga hula na wa kwao, na wewe umewalisha mtaa mzima huku umejitia hamnazo.

Luqman ataumia, na ana haki. Mwache aumie kwa ukweli wako, kuliko kumwaga damu ya mtu kwa uongo wako aende jela kwa ajili ya sura ya saba. Akirudisha posa, basi imerudi. Hujafa. Heri ujue sasa kama mume wako ni mtu wa kucheka akienda kumpiga mwenzake.

Kuhusu Ijumaa, chifu wa huko nimeshampigia simu mwenyewe, hilo sikukungoja. Jina lako nimelificha, na hao wengine nimewabadilishia majina. La Ngala sikulificha, kwa sababu kovu lake ulishalitangaza wewe, na leo nataka jina lisikike likiwa safi.

Sasa nisikilize mpaka mwisho, kisha uzime redio. Mwambie mama yako kwanza, asisikie kwa jirani. Kisha nendeni wawili kwa imamu, umweleze kila kitu ili Ijumaa aseme kabla ya khutba. Halafu rekodi kwa sauti yako mwenyewe, useme jina lako, useme hadithi ni yako na Ngala hana kosa, uitume kwenye kundi lilelile, na Husna aisambaze kokote alikoisambaza ile. Hiyo ndiyo adhabu yake. Na kwa Ngala usiende na machozi ya mapenzi, nenda na msamaha tu, yeye hakudai riwaya.

Kesho asubuhi muombe Kache, kwa heshima, mwende naye zahanati, na kila mama atakayekubali kufuatana nanyi. Ukae kwenye benchi, unyooshe kidole mbele yao wote, umwombe Ngala akudunge. Akikataa kukushika ni haki yake. Usiondoke. Kaa palepale na kidole chako mpaka akubali.